Sijambo ya Luik

Seva tatu, majina ya ndege,
maana Kaupo aliyezifunga kwanza alipenda ndege:
Kurg, Luik, Tihane.
Saraka moja, nakala tatu:
nani ni nani katika hospitali hii,
nani afungue kabati la dawa, nani asifungue.

Mbele yao mgawa mzigo,
bawabu asiye na macho.
Kila sekunde tano hugonga mlango wa 389.
Hodi!
Mlango ukifunguka, basi, huandika: mzima.
Haingii. Haulizi kuna nani.
Hujambo, sijambo, anakwenda zake.

Nani asiyeijua sijambo hiyo?
Mtu ana homa siku ya tatu: sijambo.
Nyumba inaungua upande wa uani: sijambo,
sijui wewe.

Usiku mmoja wa Februari, Tartu,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
mto umeganda, bata wamehamia penye bomba la maji ya moto,
diski ya Luik ilijaa.
Ilijaa kumbukumbu zake yenyewe, kama mzee wa barua.
Mlango ukabaki wazi. Ndani, kimya.
Hodi! Mlango ukafunguka. Mzima.
Basi akaendelea kuipelekea watu,
mmoja katika kila watatu.

Orofa ya nne, muuguzi Urve Pihlak,
mwezi mmoja kabla ya kustaafu,
aliandika nywila yake. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Akaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja.
Mara ya tatu ikakubali
(ilikuwa Tihane, hakujua),
mara ya nne ikagoma.

Hakunipigia simu. Hilo ndilo linaloniuma.
Alikaa kwenye kigoda, akaandika nyuma ya bahasha
majina ya wajukuu, ya mitaa, ya miezi,
aone kama bado anayo,
maana mama yake alianza hivyohivyo.

Saa tisa na robo mimi nilikuwa chini,
nakula mkate mweusi na dagaa wa chumvi,
ubao wangu kijani, kijani, kijani.

Asubuhi nilipanda kwa habari ya printa tu.
Bahasha ilikuwa mezani.
Novemba ameiandika mara mbili.

Siku hiyo nikamuumba mtu.
Mati Mittekeegi nilimwita; kwa lugha yetu, Si-Yeyote.
Nikampa chumba sifuri sifuri sifuri na simu isiyolia.
Kisha nikaandika hati, mistari thelathini na mmoja:
usigonge tu. Ingia. Jitambulishe.
Uliza, Mittekeegi anakaa chumba gani?
Jibu lije kabla ya sekunde mbili, na liwe sifuri tatu.
Likikosekana mara tatu, mtoe ndege huyo safuni,
asizimwe, asipelekewe mtu, apumue.
Akijibu vyema mara mbili mfululizo, arudi.
Mara tatu, si moja: hata mzima hukohoa.

Kaupo akasoma. “Kila sekunde kumi,
unamuulizia mtu asiyekuwepo?”
Akafuta kumi, akaandika kumi na tano,
akatoka kuvuta sigara.

Tuliijaza diski ya Luik makusudi.
Nikahesabu kwa sauti. Arobaini na sita,
ikawa nyekundu,
na orofa ya nne hakuna aliyetambua chochote.

Nilimweleza Urve. Alisema, “Ahaa.”
Akaikunja bahasha mara nne,
akaitia mfukoni. Hakuitupa.

Machi alipoondoka, nililifuta jina lake mwenyewe.
Ndiyo kazi. Kisha, sijui kwa nini,
nikauliza saraka: Urve Pihlak?
Hayupo, ikajibu Luik,
kwa milisekunde nne, jibu sahihi kabisa.

Mittekeegi yupo.
Ameulizwa hali tena sasa hivi,
wakati nikiandika mstari huu.